MAREHEMU MANILAL AMBALAL DESAI

Wazee wetu waliotangulia, waliovaa kipande shingoni, walikuwa na rafiki Mhindi. Marehemu Desai alifika Nairobi mwaka 1915. Mji ule uligawanywa kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Hata hivyo, mwaka 1921 Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle, alimfungulia Harry Thuku mlango wa ofisi yake. Humo Thuku aliendesha shughuli za chama chake, na humo karatasi zake za kupinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara zilipigwa chapa. Mlango tu, lakini ulikuwa wa hatari: Machi 1922 Thuku alikamatwa, na watu waliomdai wakapigwa risasi. Desai alifariki Bukoba mwaka 1926. Nairobi pakajengwa jumba la kumkumbuka.