Carlo Abarth: Fundi aliyeupiga vita uzito wa magari

KATIKA historia ya magari ya mbio, majina yanayotajwa kwanza ni ya wale waliojenga injini kubwa na kuuza magari kwa bei isiyoshikika. Carlo Abarth hakuanzia huko. Yeye alichukua gari dogo kabisa la Italia, lile ambalo karani au mwalimu aliweza kulinunua kwa kujibana, akaligeuza kuwa tishio katika viwanja vya mbio vya Ulaya.

Siri yake ilikuwa moja tu, nayo ni wepesi. Wepesi huo ndio uliomjengea jina, na ndio uliozaa kasoro ambazo wateja wake walilalamikia. Wahenga walisema kizuri hakikosi kasoro, lakini katika magari ya Abarth uzuri na kasoro vilipikwa katika chungu kimoja. Huwezi kuondoa kimoja ukabaki na kingine. Ili kuelewa sababu yake, ni lazima kuyatazama kwanza maisha ya mtu mwenyewe.

Magurudumu mawili

Abarth alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, Novemba 15, 1908, akapewa jina la Karl. Tangu ujana wake alivutwa na pikipiki, akajifunza ufundi na kuingia katika mashindano.

Mwendesha pikipiki hahitaji kusomeshwa maana ya uzito. Kila kilo iliyoongezeka huihisi mikononi anapokata kona na miguuni anaposimama. Abarth alilijua hilo, na alijua pia bei ya kwenda kasi. Mwaka 1930 alipata ajali mbaya katika mbio za Linz, akalazimika kuachana na pikipiki za kawaida.

Hakukata tamaa. Alihamia kwenye pikipiki yenye kigari cha pembeni, na mwaka 1934 akafanya jambo lililozungumzwa Ulaya nzima. Alishindana na treni maarufu ya Orient Express kutoka Vienna hadi Ostend, mji wa pwani wa Ubelgiji, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, akafika kabla ya treni.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 ajali nyingine iliyotokea Yugoslavia ilimlaza hospitalini kwa muda mrefu na kumfungia kabisa mlango wa mbio za pikipiki. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta huko huko, akaishi Ljubljana hadi vilipokwisha. Baada ya vita alihamia Merano, kaskazini mwa Italia, eneo lenye asili ya ukoo wa baba yake. Akachukua uraia wa nchi hiyo, na Karl akawa Carlo.

Kuporomoka kwa Cisitalia

Italia ya wakati huo ilikuwa imechoka. Viwanda vilikuwa vimepigwa mabomu, petroli ilikuwa adimu na fedha hazikuwepo. Hata hivyo hamu ya mbio haikufa. Mfanyabiashara wa Turin, Piero Dusio, aliyewahi kuwa rais wa klabu ya soka ya Juventus, alianzisha kampuni ya Cisitalia iliyotengeneza magari mepesi ya mbio kwa kutumia vipuri vya Fiat.

Abarth, aliyekuwa na uhusiano wa karibu na familia ya Porsche, alishiriki kuwaunganisha wahandisi wa familia hiyo na Dusio. Matunda yake yalikuwa gari la Grand Prix lililosifiwa kwa ufundi, lakini gharama zake ziliimaliza Cisitalia. Dusio akaelekea Argentina. Abarth akabaki Turin na magari machache, vipuri na mafundi waliokosa kazi.

Machi 31, 1949 alianzisha kampuni yake, Abarth & C. Kwa kuwa alizaliwa chini ya nyota ya Nge, mdudu huyo akawa nembo yake. Nembo ilifaa. Nge ni mdogo, lakini hakuna anayemkanyaga kwa dharau.

Aprili 10, 1950, Tazio Nuvolari, dereva ambaye Waitalia wengi walimwona kuwa mkuu kuliko wote, alikaa nyuma ya usukani wa gari la Abarth katika mbio za kupanda mlima wa Pellegrino, karibu na Palermo. Nuvolari alikuwa na umri wa miaka 57 na afya yake ilikuwa imedhoofika. Alishinda katika daraja lake, na hayo yakawa mashindano yake ya mwisho.

Ushindi ulileta sifa, lakini sifa hailipi mishahara. Kilichoiweka kampuni hai ni ekzosi. Abarth alitengeneza ekzosi zilizopunguza mkwamo wa moshi unaotoka kwenye injini na kuipa gari mngurumo mzito, akawauzia wenye magari ya kawaida. Kijana wa Turin au Milan ambaye hakuweza kununua gari la mbio aliweza angalau kununua sauti yake.

Gari la mnyonge

Mwaka 1955 Fiat ilizindua gari la 600, na Julai 1957 likafuata 500, lililokuwa dogo zaidi. Yote mawili yaliwekewa injini nyuma. Injini ya 500 ilikuwa na silinda mbili, ujazo wa sentimita 479 na nguvu za farasi 13 tu. Wanunuzi wa mwanzo hawakuvutiwa, na mauzo yakasuasua.

Mahali ambapo wengine waliona udhaifu, Abarth aliona fursa. Gari lenye uzito wa takriban nusu tani halihitaji nguvu nyingi ili likimbie. Breki zake hazina mzigo mkubwa wa kuzuia, tairi zake hazilemewi kwenye kona, na petroli yake haiishi upesi. Kila farasi anayeongezwa kwenye injini ya gari la namna hiyo huonekana kazi yake papo hapo.

Februari 1958 alilipeleka gari la 500 alilolirekebisha kwenye uwanja wa Monza. Madereva walipokezana usukani kwa siku saba, usiku na mchana, katika baridi ya majira hayo. Gari lilikamilisha kilomita 18,186 kwa wastani wa kilomita 108 kwa saa. Fiat, iliyokuwa ikitafuta namna ya kuliokoa gari lake, ilielewa somo. Ikakubaliana na Abarth kumlipa kwa kila ushindi na kila rekodi ambayo magari yenye asili ya Fiat yangeipata mikononi mwake.

Kwa Abarth huo ulikuwa mkataba wa uhai. Kila Jumapili ya mbio ikawa siku ya kutafuta mshahara. Kutoka kwenye bodi ya 600 alitoa 850 TC ya mwaka 1961, yenye nguvu za farasi 52, na baadaye 1000 TC. Alitengeneza pia masanduku ya mbao yaliyojaa vipuri, ili mwenye gari la kawaida amkabidhi fundi wake na kuligeuza. Katikati ya miaka ya 1960, 1000 TC ilitawala daraja la magari madogo katika ubingwa wa Ulaya.

Usidharau wembamba wa reli, treni hupita. Watazamaji waliojaa kwenye viwanja vya Italia waliona gari linalofanana na walilokuja nalo likiyasumbua magari ya matajiri. Huo ndio mvuto ambao bei haikuweza kuununua.

Bei ya wepesi

Lakini aliyelinunua gari hilo alikutana pia na upande wa pili. Injini iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma huufanya mkia kuwa mzito kuliko kichwa. Dereva aliyeingia kwenye kona kwa kasi, kisha akaogopa na kuinua mguu ghafla kutoka kwenye mafuta, aliweza kushtukia nyuma ya gari ikitangulia mbele. Bingwa alilitumia tabia hiyo kukata kona haraka. Mgeni iliweza kumtoa barabarani.

Joto lilikuwa tatizo jingine. Injini ndogo iliyolazimishwa kutoa nguvu mara mbili ya ile iliyokusudiwa na kiwanda ilichemka upesi. Ndiyo maana magari ya TC yalikimbia yakiwa na kifuniko cha injini kilichoachwa wazi na kushikiliwa na vyuma, ili hewa ipite. Rejeta iliwekwa mbele kabisa, chini ya pua ya gari, mahali ambapo jiwe moja lilitosha kuitoboa. Kifuniko hicho cha wazi kikawa alama ya magari ya Abarth kwa miaka mingi, ingawa kilianza kama dawa ya ugonjwa.

Starehe haikuwepo. Magari ya 750 yaliyotengenezewa bodi na Zagato yalikuwa mafupi kwa kimo kiasi kwamba paa lilifinyangwa vibonge viwili ili vichwa vya dereva na abiria vipate nafasi. Bati la alumini lilibonyea kwa urahisi. Kelele ilijaa ndani, na mizigo haikuwa na pa kukaa.

Hata Porsche ilionja utamu na uchungu huo. Mwaka 1960 ilimwagiza Abarth magari machache ya 356 yenye bodi nyepesi ya alumini. Yalikuwa na umaliziaji hafifu, yalibana, na mvua ilipenya ndani. Hata hivyo, mwaka huo huo moja lilishinda daraja lake katika mbio za saa 24 za Le Mans. Kasoro na ushindi vilisafiri katika gari moja.

Fundi ajipunguza mwenyewe

Kilele cha imani yake kilionekana Oktoba 1965. Abarth, akikaribia kutimiza miaka 57, aliamua kuendesha mwenyewe gari lake la kiti kimoja huko Monza kutafuta rekodi za kuondoka kwa kasi. Mwili wake haukuingia kwenye gari. Fundi mwingine angepanua nafasi ya dereva. Yeye alikula matufaa kwa wiki kadhaa, akapungua takriban kilo 30, akaingia na kuweka rekodi.

Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, lakini ndani yake yumo mtu mzima. Kwake gari halikupaswa kunenepa kwa sababu ya binadamu. Binadamu ndiye aliyepaswa kukonda.

Kwa bahati mbaya, kampuni yake nayo ilijengwa kwa wepesi huo huo. Haikuwa na kiwanda kikubwa cha kuzalisha magari yake yenyewe, na sehemu kubwa ya maisha yake ilining'inia kwenye uamuzi wa Fiat. Kadiri magari ya mbio yalivyozidi kuwa ya kisasa na ya gharama kubwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ndivyo hesabu zilivyogoma. Mwaka 1971 Abarth aliiuza kampuni kwa Fiat. Magari ya mbio aliyoyaunda yakaenda kwa Enzo Osella, naye mwenyewe akarejea Vienna baada ya muda.

Fiat ililipeleka jina lake kwenye mashindano ya rali. Gari la 131 Abarth lilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1977, 1978 na 1980. Wapenzi wa mbio wa Afrika Mashariki waliliona katika Safari Rally ya mwaka 1979 nchini Kenya, mashindano yaliyoshindwa na Shekhar Mehta akiwa na Datsun. Markku Alén wa Finland alishika nafasi ya tatu katika vumbi na matope hayo akiwa na Fiat yenye jina la Abarth.

Oktoba 24 mwaka huo huo, Carlo Abarth alifariki dunia mjini Vienna, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 71.

Jina lake lilififia baada ya hapo, hadi Fiat ilipolifufua mwaka 2007. Mwaka 2023 nembo ya nge iliwekwa kwenye gari dogo la umeme, 500e. Betri zake zimelifanya lizidi kilo 1,300, yaani zaidi ya mara mbili ya lile la mwaka 1957. Kwa kuwa gari la umeme halina ekzosi, limewekewa kifaa cha kuigiza mngurumo wa ekzosi za Abarth.

Gari hilo halivuji wala halichemki kama yale ya zamani, na mkia wake haumsaliti dereva. Kasoro nyingi za mzee huyo zimeponywa. Kilichotolewa kulipia uponyaji huo ni ule wepesi alioupigania maisha yake yote.