Bilharz, daktari aliyekuta mnyoo wa kichocho kwenye mshipa wa ini

Ukiambiwa zahanati kwamba una bilharzia, yaani kichocho, umetajiwa jina la mtu. Theodor Bilharz alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Sigmaringen, mwaka 1825.

Mwaka 1850 alikwenda Misri na mwalimu wake wa udaktari, Griesinger, akawa anafanya kazi hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo. Wakulima wa bonde la Nile walikojoa damu tangu enzi za mafarao bila kujua sababu. Kwingine Afrika mvulana akikojoa damu walisema amekua! Bilharz alipasua maiti akatazama kwa makini. Mwaka 1851, ndani ya mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini, akakuta minyoo midogo myeupe, dume limelikumbatia jike. Baadaye akaona na mayai kwenye kibofu. Akamwandikia barua mwalimu wake mwingine, von Siebold, aliyezichapisha Ujerumani.

Kinachoumiza zaidi ni mayai, kuliko mnyoo wenyewe. Aina inayotusumbua sisi wa pwani hutaga karibu na kibofu, ndiyo maana mkojo huwa na damu. Aina nyingine, iliyozoeleka kanda ya Ziwa Victoria, mayai yake husukumwa na damu hadi kwenye ini yakaziba vijishipa. Damu ikikosa njia, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mgonjwa anaweza kutapika damu. Mtu wa hivyo ni rahisi kusemwa karogwa.

Bilharz alichunguza pia samaki wa Nile mwenye umeme, lakini hakuwahi kujua mnyoo unaingiaje mwilini. Alifariki Cairo tarehe 9 Mei 1862 kwa homa aliyoipata katika safari ya Massawa. Alikuwa na miaka 37 tu.

Jibu lilipatikana mwaka 1915, Mwingereza Robert Leiper alipoonyesha hukohuko Misri kwamba kati ya mtu na mtu yupo konokono wa maji baridi. Ukikojoa mtoni mayai huanguliwa, vijidudu huingia kwa konokono, vikitoka hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayepanda mpunga. Kwa hiyo baharini hupati kichocho. Wa kuangalia ni sisi tunaoshinda mabondeni, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi.

Dawa ya sasa ni praziquantel. Wanafunzi wanaposimamishwa kwenye ubao wenye alama, hupimwa urefu ili kujua wameze vidonge vingapi, na wawe wamekula kwanza. Huua minyoo iliyomo mwilini, lakini akirudi kwenye maji yaleyale huambukizwa tena.