Imamu Bukhari na Dawa ya Hifdhi

Kila ufikapo msimu wa mitihani, nyumba nyingi za miji yetu huandikiwa makombe. Mtoto hunyweshwa maji ya zafarani asubuhi, akafungwa hirizi mkononi, kisha akaachiwa kukaa barazani hata usiku mwingi. Na mzazi moyo wake hutulia kwamba lililompasa amekwisha kulitenda. Hatusemi haya kwa kumcheka mtu, kwani nasi tulinyweshwa utotoni, na somo tusilolidurusi halikutuingia. Lakini twawasikia watu wakimtaja Imamu Bukhari kana kwamba elimu ilimshukia usingizini, basi tumependa kueleza khabari zake kama zilivyopokewa katika vitabu vya tarehe.

Jina lake ni Muhammad bin Ismail. Alizaliwa Bukhara, mwezi wa Shawwal, mwaka 194 wa Hijra (810 wa Miladi). Baba yake, aliyekuwa mtu wa elimu na mwenye mali, alikufa yeye angali mdogo, akalelewa na mama yake. Alianza kuhifadhi hadithi alipokuwa na miaka 10 au kasoro. Kwenye miaka 16 alikuwa amekwisha hifadhi vitabu vya Ibn al-Mubarak na vya Waki', akenda Hija pamoja na mama yake na ndugu yake Ahmad. Hija ilipokwisha wao walirejea kwao, naye akabaki Hijazi kutafuta elimu. Mama huyo mjane hatajwi sana, na ilimpasa kutajwa.

Tangu hapo maisha yake yakawa ni safari: Sham, Misri, Basra, Kufa, na Baghdad asikokuhesabu alikwenda mara ngapi. Aliandika kwa masheikh waliozidi 1,000. Safari moja masurufu yake yalichelewa hata akala majani. Na huko Basra wenziwe walimkosa darasani siku kadha. Walipomwendea wakamkuta ndani hana nguo ya kutokea, pesa zote zimemwishia, wakachanga wakamnunulia nguo, akarudi kuandika.

Mwandishi wake aliyekuwa akilala naye safarini ameeleza kuwa usiku mmoja Imamu huamka mara 15 hata 20. Kila mara hupiga moto kwa mkono wake, akawasha taa, akatia alama katika hadithi zake, kisha akalala tena. Wala hakuwa akimwamsha kijana wake amsaidie.

Hata zama zile watu walinong'ona kwamba hifdhi yake ile haikosi kuwa na siri, nayo ni kwamba amekunywa dawa iitwayo baladhur. Mwandishi huyo akamwuliza faraghani kama iko dawa ya kutia hifdhi. Imamu akamjibu kwamba yeye haijui, kisha akamweleza kuwa hajaona lenye kufaa hifdhi zaidi ya mtu kuwa na hamu na kudumu kutazama vitabu. Jawabu hili lina miaka zaidi ya 1,100, na wauza hirizi wangali na wateja.

Kitabu chake cha Sahihi kilimchukua miaka 16. Alichagua katika mapokezi yapatayo 600,000, na kila njia ya upokezi huhesabiwa peke yake; yaliyoingia kitabuni, pamoja na yaliyokaririwa, yamezidi kidogo 7,000. Na hakuandika hadithi humo ila baada ya kuoga na kusali rakaa mbili.

Mtu atadhani malipo ya kazi hiyo yalikuwa cheo na raha. Amiri wa Bukhara alimtaka apeleke vitabu vyake jumbani awasomeshe wanawe. Akakataa, kwa kuwa elimu ni ya kuendewa. Akatolewa katika mji wake mwenyewe. Alikufa usiku wa kuamkia Idi ya Fitri, mwaka 256 (870), katika kijiji cha Khartank karibu na Samarkand, kwa jamaa zake, umri wake miaka 62 kasoro siku 13.