Alice Stewart: Daktari aliyewasikiliza akina mama

Mabinti, mkienda kupigwa eksirei ya tumbo au nyonga mtaulizwa kwanza: una mimba? Wengine huona haya, hasa kama mama mzazi ameketi hapo kando. Wengine hujibu chapchap ili yaishe. Lakini swali hilo si umbea. Nyuma yake kuna daktari mmoja aliyepuuzwa kwa miaka mingi na wakubwa wa taaluma yake kwa sababu aliwaamini akina mama waliofiwa.

Jina lake ni Alice Stewart. Alizaliwa Oktoba 4, 1906 mjini Sheffield, Uingereza. Baba daktari, mama daktari, wote wakijulikana kwa kuhangaikia afya ya watoto. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Cambridge wakati ambapo darasani wasichana walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Hakutishika. Mwaka wa 1946, kabla ya kutimiza miaka 40, alichaguliwa kuwa mwanachama wa ngazi ya juu wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari, heshima ambayo wanawake wachache sana walikuwa nayo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alichunguza wafanyakazi wa viwanda vya mabomu waliokuwa wakidhuriwa na kemikali za kulipua. Hapo ndipo alipopata mwelekeo wake: usimtazame mgonjwa kitandani tu, uliza pia anaishi wapi, anafanya kazi gani na amepitia nini.

Baada ya vita alikuwa Oxford, katika kitengo kidogo kisicho na pesa. Wakati huo kuna jambo lilikuwa likiwasumbua madaktari: saratani ya damu ilikuwa ikiongezeka kwa watoto, hasa wa kati ya miaka miwili na minne. Tena si watoto wa maskini tu. Watoto wadogo hivyo, ambao hawajavuta sigara wala kufanya kazi kiwandani, wanaugua kwa sababu gani?

Alice aliwaza hivi: kama mtoto ameugua akiwa mdogo hivyo, huenda chanzo kiko kabla hajazaliwa. Na anayejua yaliyotokea wakati huo ni mama. Basi tuwaulize akina mama!

Ufadhili alioupata ulikuwa pauni 1,000 pekee. Akaandaa fomu yenye maswali mengi kuhusu maisha ya ujauzito, akawaomba maofisa wa afya wa kaunti na miji wamsaidie kuwahoji akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani. Kwa kila mmoja wao, alihojiwa pia mama mwingine wa eneo hilo hilo mwenye mtoto mzima wa umri na jinsia ile ile. Bila ulinganisho huo, majibu yasingekuwa na maana.

Fomu zilipoanza kurudi, tofauti ilijitokeza yenyewe. Katika ripoti ya kwanza, iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka wa 1956, kati ya akina mama 547 waliofiwa, 85 walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito. Kwa wale 547 wenye watoto wazima, ni 45. Karibu mara mbili!

Kumbuka enzi hizo eksirei ilikuwa kitu cha kujivunia. Hata maduka ya viatu yalikuwa na mashine ya kumulika miguu ya watoto kuona kama kiatu kimewatosha. Hospitalini, mjamzito alipigwa picha ili daktari aone mtoto amelalaje, au kama ni pacha. Sasa huyu mwanamke anakuja kusema ati picha hiyo inaweza kumletea mtoto saratani?

Upinzani ulikuwa mkali. Ripoti kamili ya mwaka wa 1958 haikuwatuliza. Hoja kubwa ya wapinzani ilikuwa kwamba mama aliyefiwa hukumbuka kila kitu, kwa kuwa anatafuta sababu ya msiba wake, ilhali mwenye mtoto mzima husahau. Yaani, kumbukumbu za mama si ushahidi. Mwaka wa 1960 watafiti wenye majina makubwa, akiwemo Richard Doll, walichapisha utafiti wao ambao haukuona hatari hiyo. Wengi wakadhani mjadala umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Mwaka wa 1962, Brian MacMahon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 700,000. Yeye hakumuuliza mama yeyote. Alitumia rekodi za hospitali. Akakuta vifo vya saratani vimezidi kwa takriban asilimia 40 kwa watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni. Kumbe akina mama hawakuwa wakibuni!

Hata hivyo, mazoea yalibadilika polepole sana. Wajawazito waliendelea kupigwa eksirei hadi miaka ya 1970, huku picha za mawimbi ya sauti, zilizoanzia Glasgow, zikichukua nafasi yake.

Alice hakupumzika. Alipostaafu Oxford alihamia Birmingham, kisha akajiunga na uchunguzi wa wafanyakazi wa kiwanda cha nyuklia cha Hanford, Marekani, jambo lililomfanya agombane na serikali mbili. Oxford haikuwahi kumpa uprofesa. Alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood nchini Uswidi mwaka wa 1986, na akafariki Juni 23, 2002 akiwa na miaka 95.

Tusikosee hapa. Saratani ya watoto ni nadra, kwa hivyo hatari ya picha moja kwa mtoto mmoja ni ndogo. Kama umeumia vibaya, eksirei inaweza kuokoa maisha yako hata ukiwa mjamzito. Alichobadilisha Alice ni kwamba mionzi haipigwi ovyo: lazima faida ya picha ishinde madhara yake. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa sheria za mionzi kote duniani. Hapa Kenya kuna Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, na mashine za eksirei huhitaji kibali cha mamlaka ya KNRA.

Kwa hivyo ukiulizwa, jibu ukweli, na kama huna uhakika, sema huna uhakika. Halafu na wewe uliza: picha hii ni ya nini, na je, kuna njia nyingine? Si kumkosea daktari heshima. Ni haki yako.