Daktari Robert Koch na Homa ya Mkojo Mweusi

Katika toleo hili napenda kuwasimulia maisha ya Daktari Robert Koch, Mjerumani aliyepata sifa dunia nzima na aliyefanya kazi katika nchi yetu. Sisi wa Kilosa na Mikumi yatufaa kumjua, maana malaria aliyoichunguza ingali jirani yetu.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi, katika nyumba yenye watoto wengi. Alisomea udaktari Göttingen akahitimu mwaka 1866. Baadaye aliwekwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara. Alitenga sehemu ya nyumba yake, na baada ya kuwatibu wagonjwa aliinamia hadubini. Hapo ndipo mwaka 1876 alipothibitisha kwamba kimeta huletwa na bakteria. Mwaka 1882 alimgundua bakteria wa kifua kikuu, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam. Siku zile Wazungu wengi walikuwa wakifa kwa homa ya mkojo mweusi. Mgonjwa hutetemeka, macho huwa manjano, na mkojo hubadilika kuwa mwekundu mzito hata mweusi. Kisha, kwa wengine, mkojo hukoma, kwa kuwa figo zimeacha kazi. Koch aliwachunguza wagonjwa hao, akakata shauri kwamba sababu si malaria yenyewe, bali ni kwinini waliyoinywa kuitibu. Wengi walimpinga. Leo tunajua kwamba kila upande ulishika sehemu ya ukweli: malaria kali na kwinini, hasa ikinywewa bila utaratibu, huweza kwa pamoja kuvunja chembe nyekundu za damu, na rangi yake ikaziumiza figo.

Koch hakuwa na njia ya kuitazama figo ya mtu aliye hai. Leo daktari hupima mkojo na damu, kisha huangalia figo kwa ultrasaundi, yaani mashine itumiayo mawimbi ya sauti. Katika baadhi ya hospitali kubwa duniani mgonjwa hudungwa mshipani viputo vidogo sana vya gesi. Vikichukuliwa na damu hung'aa katika picha, na sehemu ya figo isiyopata damu hubaki nyeusi. Gesi hiyo hutoka mapafuni kwa pumzi, kwa hiyo haizitwiki mzigo figo zilizo gonjwa.

Mwaka 1905 Koch alirudi Afrika Mashariki akachunguza papasi katika vibanda vya njia za misafara, akaonyesha jinsi waenezavyo homa ya papasi. Kilosa yetu nayo ilikuwa kituo cha misafara ya kwenda bara.

Sifa zisitufanye tufiche mabaya. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese, Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza kipimo, watu zaidi ya 20 walipofuka wasione tena. Mtu yule yule aliyewaonya wenzake juu ya kwinini alisahau kwamba dawa yake nayo yaweza kuwa sumu. Tena wagonjwa wale walikuwa watu wa nchi iliyotawaliwa, wasio na nafasi ya kukataa. Mimi naona jambo hili lapaswa kukumbukwa pamoja na ile tuzo.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden.

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazazi wetu, tujifunze mambo mawili. Kwanza, umaskini wa vifaa si udhuru. Aliyeanza katika chumba cha nyumbani aliigeuza elimu ya tiba. Pili, dawa isiyopimwa si dawa. Mtu akipata homa apimwe kwanza, asikimbilie dukani kununua vidonge kwa kubahatisha. Na akiona mkojo umekuwa mweusi au umepungua sana, asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku ile ile, maana figo hazingoji.