Mwingereza aliyewaapisha morani kutunza miti asili

MVULE ni mti wa nyumbani Busia na Malaba. Hata hivyo, kando ya barabara ziendazo mpakani na katika nyua za shule, mikaratusi yenye asili ya Australia ndiyo izidiyo kuonekana. Kila msimu wa mvua wanafunzi hupanda miche. Shule zinapofungwa, mingi hukosa wa kuinywesha.

Jambo hili la mti kukosa mwenyewe lilimshughulisha Richard St. Barbe Baker zaidi ya miaka 100 iliyopita, mbali na mpaka huo, katika eneo la Kikuyu.

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889, katika jimbo la Hampshire, Uingereza. Akiwa kijana alikwenda kusoma Saskatchewan, Canada. Huko aliwaona walowezi wakilima mbuga za nyasi asilia na kung'oa vichaka, kisha upepo ukapeperusha udongo. Baada ya kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza alisomea misitu Cambridge, na mwaka wa 1920 akaja Kenya kuwa ofisa wa misitu.

Kikuyu alikuta mierezi na mizeituni mwitu ikifyekwa. Si wenyeji peke yao waliofyeka. Serikali aliyoitumikia ndiyo iliyowagawia walowezi ardhi. Alipowahimiza watu wapande miti, wazee walimweleza kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda mbegu na ngoma ya mavuno, ila ya miti hawakuwa nayo. Ofisa mwingine angetoa amri. Baker alipendekeza ngoma.

Ngoma hiyo ilichezwa Julai 22, 1922. Kwa hesabu yake mwenyewe, morani 3,000 walihudhuria. Hamsini waliteuliwa, wakaapa mbele ya Ngai kulinda misitu ya asili, kupanda miche kumi kila mwaka na kutunza miti popote ilipo. Chama chao kikaitwa Watu wa Miti.

Vitabu humtaja zaidi Baker, lakini nguzo ya shughuli hiyo miongoni mwa wenyeji ilikuwa Chifu Josiah Njonjo, babake Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mkuu wa Sheria.

Katika kiapo kile, sharti la tatu ndilo zito. Mti wa shambani una mwenye shamba. Wa kando ya barabara hauna boma, na mbuzi hana habari za kampeni. Mnamo Novemba 13, 2023, Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti. Siku ya kuinywesha haikutangazwa.

Baker aliondoka Kenya, akafanya kazi Nigeria, akatetea miti mikubwa ya California na kuzunguka Sahara akitaka jangwa lizuiwe. Watu wa Miti walienea nchi nyingi, na leo chama hicho huitwa International Tree Foundation.

Juni 1982, akiwa na umri wa miaka 92, alirejea Saskatchewan, akapanda mti wake wa mwisho mjini Saskatoon. Siku chache baadaye, Juni 9, alifariki dunia mjini humo.