Neville Chamberlain (1869–1940) na Mwaka Uliotuacha Bila Wamisionari

Msomaji wa kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 100 atashangaa kukuta, katikati ya habari za wamisionari, wachungaji na wazee wa kanisa, maisha ya mwanasiasa wa Kiingereza ambaye hakuwa Mlutheri wala hakulijua jina la usharika wetu. Hata hivyo, mtu akitaka kufahamu kwa nini mwaka 1940 nyumba za misioni huku kwetu Usambara zilibaki bila wenyewe, hawezi kumpita mtu huyu. Wazee wetu walimtaja kwa ufupi tu, kama bwana mkubwa wa London aliyetangaza vita. Yafaa tumjue zaidi ya hapo.

Arthur Neville Chamberlain alizaliwa tarehe 18 Machi 1869 katika mji wa Birmingham, mji wa viwanda vya chuma. Baba yake, Joseph Chamberlain, alipata utajiri kwa kutengeneza skrubu, kisha akauacha utajiri huo ujitunze wenyewe na kuingia katika siasa. Alikuwa Meya wa Birmingham, na baadaye, kuanzia mwaka 1895 hadi 1903, Waziri wa Makoloni. Ndiye aliyepita Mombasa mwishoni mwa mwaka 1902 na kupanda reli mpya ya Uganda alipokuwa njiani kwenda Afrika Kusini. Kaka yake Neville kwa mama mwingine, Austen, alilelewa tangu utoto ili arithi siasa za baba. Neville, aliyefiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka mitano, alitengewa biashara. Kwa hiyo mmoja alipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwingine akapelekwa kujifunza madini na hesabu za vitabu.

Hapa ndipo habari zake zinapotukaribia sisi watu wa Tanga. Mwaka 1890 baba yake, ambaye mitaji yake huko Amerika ya Kusini ilikuwa imepungua thamani, alisikia sifa za mkonge wa Visiwa vya Bahama. Neville, kijana wa miaka 22, akatumwa mwaka 1891 kulima mkonge katika kisiwa cha Andros, kwenye eneo la ekari zipatazo 20,000. Alikaa huko miaka sita. Alifyeka msitu, akajenga gati na reli ndogo, akasimamia mamia ya vibarua, na jioni akasoma peke yake, kwa kuwa watu wa kuzungumza nao walikuwa wachache mno. Lakini udongo wa kisiwa kile ni mwembamba juu ya mwamba, na wasomaji wetu wanajua vema kutoka katika mfano wa mpanzi mambo ya mbegu iangukayo mahali penye mawe. Mkonge ulidumaa. Mwaka 1897 shamba lilifungwa, na hasara ya familia ilikuwa pauni 50,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Kijana aliandika taarifa ya kushindwa kwake na kujilaumu mwenyewe, ingawa kosa kubwa lilikuwa la udongo.

Na tazama jinsi mambo yalivyo. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kwa ajili ya pwani yetu. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalitoka mashamba yote yaliyoufanya mkoa wetu ujulikane duniani, mashamba ambayo baba zetu wengi walikata mkonge, na ambayo makanisa yetu ya mabondeni yalianzia katika kambi zake. Kilichomshinda Chamberlain kwa pauni 50,000 kilikubali kwetu kwa miche 62.

Aliporudi Birmingham aliendelea na biashara. Alinunua kampuni ya Hoskins, iliyotengeneza vitanda vya chuma vya melini, akaiendesha kwa miaka 17. Alijulikana kuwa mwajiri mwangalifu. Siasa alichelewa sana kuziingia. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 42, alichaguliwa kuwa diwani, na mwaka huo huo akamwoa Anne Cole. Mwaka 1915 akawa Meya Mkuu, na mwaka uliofuata akaanzisha benki ya akiba ya manispaa ili wafanyakazi wa viwandani waweke akiba zao ndogo ndogo. Serikali ilipomwita London kusimamia uandikishaji wa nguvukazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipewa kazi bila kupewa mamlaka, akajiuzulu mwaka 1917. Katika vita hivyo alifiwa na Norman, binamu yake aliyempenda kuliko marafiki wote, na kitabu chake alichokiandika kilikuwa cha kumkumbuka huyo. Wanaosema aliogopa vita kwa sababu ya unyonge wa moyo wasilisahau kaburi hilo.

Aliingia Bungeni mwaka 1918, akiwa na miaka 49, umri ambao wengine huanza kufikiria kupumzika. Kwa maoni yangu kazi yake bora ni ile ya Waziri wa Afya kati ya mwaka 1924 na 1929. Aliingia ofisini na orodha ya miswada 25, na 21 kati yake ikawa sheria: nyumba za watu wa hali ya chini, pensheni za wajane na wazee, na kuvunjwa kwa bodi za zamani zilizowatunza maskini kwa kuwadhalilisha. Kama angefia hapo, angekumbukwa kama mtu wa huruma iliyopangwa vizuri. Baada ya chama chake kushindwa katika uchaguzi, alizuru Afrika Mashariki katika majira ya mwaka 1929 na 1930. Kisha alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1931 hadi 1937, na tarehe 28 Mei 1937 akawa Waziri Mkuu. Cheo hicho baba yake hakukipata, wala Austen, aliyekuwa amefariki miezi miwili kabla.

Ya Ujerumani yanajulikana. Lakini kuna jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nasi hatuwezi kulipita. Mapema mwaka 1938, katika kutafuta amani na Hitler, Chamberlain alikuwa tayari kuipa Ujerumani sehemu katika utawala mpya wa makoloni ya Afrika ya kati. Pendekezo lilifikishwa kwa Hitler mwezi Machi, naye hakulijali. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na fununu za kurudishwa kwa Wajerumani zilizagaa. Waliokuwa na mashamba waliunda umoja wa kupinga. Wenyeji wa nchi hawakuulizwa na mtu yeyote.

Mwezi Septemba wa mwaka huo mzee huyu wa miaka 69 alisafiri kwa ndege mara tatu kwenda Ujerumani, na usiku wa kuamkia tarehe 30 alitia sahihi huko Munich mkataba uliomega Chekoslovakia. Wajumbe wa Chekoslovakia walikuwa katika mji huo huo, wakisubiri kuambiwa nchi yao imekatwa wapi. Aliporudi London alishangiliwa na umati mkubwa, maana watu walikuwa tayari wamegawiwa vinyago vya kujikinga na gesi. Sitaki kuwacheka walioshangilia. Lakini naona kwamba mfanyabiashara huyu alimtendea Hitler kama mshindani wa sokoni ambaye atatimiza mkataba akishausaini, na kwamba alilipia amani kwa mali isiyokuwa yake. Tarehe 15 Machi 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia Prague. Tarehe 1 Septemba yaliivamia Poland. Jumapili, tarehe 3 Septemba, Chamberlain alitangaza vita kwa redio.

Katika siku zilizofuata wanaume wa Kijerumani wa Tanganyika walikusanywa na kuwekwa kizuizini. Baadhi ya wamisionari waliruhusiwa kwa masharti kurudi vituoni, lakini katika mwaka 1940 ruhusa hiyo nayo iliondolewa. Ilikuwa mara ya pili kwa misioni zetu kuachwa yatima ndani ya miaka 25. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana, waliokuwa Singida, walichukua uangalizi, na Waswidi wakasaidia. Hata hivyo wageni hao walikuwa wachache kwa eneo kubwa kiasi hicho. Ibada, shule, mazishi na mafundisho ya kipaimara viliwaangukia wachungaji wa Kiafrika, waliokuwa wachache bado, pamoja na wainjilisti na walimu ambao mishahara yao haikuwa na hakika.

Chamberlain mwenyewe alijiuzulu tarehe 10 Mei 1940, baada ya Bunge kumgeuka kwa sababu ya kushindwa huko Norway. Alikubali kubaki chini ya Churchill, aliyekuwa mpinzani wake mkali, akamtumikia kwa uaminifu. Mwezi Julai alifanyiwa upasuaji na kukutwa na saratani. Alifariki tarehe 9 Novemba 1940, na majivu yake yaliwekwa katika kanisa la Westminster Abbey.